Nikikosa Sauti, Pokeeni Karatasi Yangu

Pampu ya maji ya ploti yetu imefungwa juu ya saruji, imeegemea ukuta wa chumba ninacholala. Hapa Mishomoroni, kama mitaa mingi ya Mombasa, maji ya mfereji huja kwa zamu, na mara nyingi zamu yenyewe huangukia usiku wa manane. Yakija, msimamizi wa ploti huamka akawasha pampu ili tangi la juu lijae. Simlaumu. Asipofanya hivyo, asubuhi hatuna maji ya kuoga. Lakini pale jirani yangu anaposikia mvumo akageuka upande wa pili akaendelea kulala, mimi huusikia kwenye meno. Mngurumo hupanda na bomba, ukaingia ukutani, ukashuka hadi kitandani. Kuziba masikio pekee hakufui dafu, kwa sababu mngurumo mwingine huja kwa mifupa.

Nina usonji, yaani autism, hali ya kuzaliwa nayo inayofanya ubongo upokee sauti na mawasiliano kwa njia tofauti. Nilipimwa nikiwa na miaka 31, baada ya kuitwa mkali na mdekaji tangu utotoni. Wengi wakisikia neno hilo humfikiria mtoto asiyesema. Mimi nasema, nafanya kazi ya kuandika hesabu za maduka, na kodi yangu hailali. Ila kelele ikinizidi, maneno hukauka. Ninachotaka kusema nakijua, kinywa ndicho kinachogoma, saa moja, pengine siku nzima.

Sasa tazama jinsi mpangaji anavyotakiwa kuomba msaada. Msimamizi anasema, njoo tuzungumze. Mwenye nyumba anasema, nipigie. Nilipokwenda ofisi moja ya umma nilikaa kwenye benchi, feni inalia juu ya kichwa, majina yanaitwa kwa kupaazwa, na zamu yangu ilipofika sikuwa na neno hata moja. Nililia. Nikaambiwa nirudi nikishatulia. Yaani kelele imeninyang'anya sauti, na njia pekee ya kuishtaki ni sauti.

Sheria si haba. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 zimeweka desibeli 35 kuwa kikomo cha usiku kwenye makazi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Lakini ninachokishika mimi ni kifungu cha 54 cha Katiba hiyo hiyo: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutumia lugha ya ishara, Braille au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano. Kwangu mimi njia ifaayo ni maandishi. Ofisa anayepokea malalamiko yangu kwa barua au kwa ujumbe wa simu hanifanyii hisani.

Halafu kuna lile neno "zoea". Msimamizi, mzee mwenye roho nzuri kabisa, aliniambia, "Utazoea tu, mwanangu." Kwa wengi wetu wenye usonji sauti inayojirudia haizoeleki, usiku wa kumi huuma kama wa kwanza. Na kuhama si dawa: ni kutafuta amana nyingine, kisha kuingia nyumba ambayo kelele zake huzijui.

Kilichonisaidia ni shangazi yangu na karatasi moja. Niliandika mchana, nikiwa mzima: kinachopiga kelele ni nini, saa zake kwa siku tisa mfululizo, kinanifanya nini, na ninaomba nini. Shangazi akaisoma mbele ya mwenye nyumba, mimi nimekaa kando. Yule mama mwenye nyumba aliponiuliza jambo, niliandika jibu kwenye simu nikampa. Hakucheka wala hakuuliza kwa nini sisemi mwenyewe. Kwa dakika ishirini tulimaliza jambo lililonisumbua miezi saba. Fundi alikata vipande vya tairi kuukuu akaviweka chini ya miguu ya pampu, kisha akaondoa kipande cha bomba gumu kilichogusa ukuta, akaunga mpira wa maji. Kelele haikuisha, lakini ilitoka ukutani.

Si kila mwenye usonji ana shangazi wa kumpeleka. Ndiyo maana nasema kaunti, mahakama na wenye nyumba waseme waziwazi kwamba wanapokea maandishi, na kwamba mtu anaweza kuja na wa kumsemea bila kuulizwa kama yeye ni bubu.

Ombi langu la mwisho kwenye ile karatasi lilikuwa dogo: nijulishwe kabla pampu haijawashwa. Juzi, saa tisa kasorobo usiku, simu iliwaka. "Mwanangu, maji yamekuja. Dakika arobaini." Nikavaa vizibo vya masikio, nikajitanda leso, nikatoka kukaa barazani mpaka tangi likajaa.