Dogo kang'ara Agosti, tusimpe ufalme bado

Kila Agosti NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ni yale yale, kuna risiva (mdakaji wa pasi) kijana anadaka mipira mirefu miwili mitatu kwenye mechi za kujipima nguvu kabla ya msimu, klipu inazunguka, kesho yake mashabiki washampa namba ya mkongwe wa timu. Mi mzuka siukatai ila tuulizane kwanza, alikuwa anakabwa na nani? Timu inakuwa na wachezaji 90 kambini na lazima wabaki 53, kwa hiyo kipindi cha pili beki anayemkimbiza dogo mara nyingi ni mtu ambaye muda si mrefu hana ajira, halafu makocha nao wanaficha mbinu zao, hakuna kumbana dogo pale mstarini mchezo unapoanzia wala kumwekea mabeki wawili, unategemea nini hapo?

Najua mtaniletea Victor Cruz, na mna haki. Agosti 2010, dogo ambaye hata kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, hakuchaguliwa, kawapiga Jets tachidauni (yaani mabao) 3 na yadi 145 akiwa na Giants. Sema stori huwa inarukwa katikati: msimu wenyewe ulivyoanza hakudaka hata mpira mmoja, msuli wa paja ukamweka nje, na ni 2011 ndo akalipuka na yadi 1,536 mpaka pete ya ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL. Kwa hiyo klipu haikudanganya, iliwahi tu mwaka mzima.

Na kinyume chake pia kipo. Risiva Ja'Marr Chase 2021, timu ya Bengals wamemchukua wa tano kwenye drafti, Agosti anadondosha mipira hovyo, watu wakaanza kulia bora wangechukua mtu wa kumlinda kwotabeki, yule anayerusha pasi. Akamaliza na yadi 1,455 na tuzo ya mchezaji mpya bora wa mashambulizi. Yaani Agosti inakosea pande zote mbili.

Ila kusema mechi hizi hazina maana kabisa, hapana, huko ni kuzidisha. Kwa dogo asiye na jina ndo usaili wake pekee mbele ya watu. Mi yadi sizihesabu, naangalia kama anaingia na kikosi cha kwanza, kama anaachana na beki kwa miguu yake au mpira umemkuta tu, na kama wanamtumia hadi kwenye kupokea mipira ya mateke. Akianza kurushiwa na kwotabeki namba moja huku beki wa uhakika yuko mbele yake, hapo hata mi nakaa mkao wa kula.