Mbwa akinguruma, anadai cheo?

Mbwa wangu wa kwanza alikuwa mpole tangu udogo wake. Alipofika miaka minne akaanza kunguruma kila nilipomvisha mkanda wa shingoni. Mkufunzi niliyemwita alikaa naye kama robo saa, akanipa jibu: huyu anataka kukutawala. Dawa yake ilikuwa nimpindue chali, nimkandamize sakafuni na kumkazia macho mpaka alegee, ajue mkubwa ni nani. Nikafanya. Siku ya tatu mbwa aliacha kunguruma, nami nikaamini somo limeingia. Wiki mbili baadaye dada yangu alimshika palepale shingoni, akang'atwa mkono bila onyo lolote. Daktari wa mifugo alipoinua sikio la kushoto aliniita nitazame mwenyewe. Ndani kulikuwa kumevimba, kwekundu, usaha umegandia manyoya. Kila nilipopitisha ule mkanda kichwani nilikuwa naukwaruza juu ya kidonda.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia mjadala wa ubabe wa mbwa, na nikiri kwamba hata upande ninaoupendelea huwa unanikera. Wako wanaoona kila kosa la mbwa ni jaribio la kushika uongozi wa nyumba. Wako wanaowajibu kwamba habari ya mkubwa na mdogo haipo kabisa kwa mbwa, ni hadithi iliyotungwa. Nadhani wa kwanza wamekosea jambo zito zaidi, lakini wa pili nao wamevuka mpaka wa ushahidi.

Wazo lenyewe lina ukoo wake. Miaka ya mwanzo ya 1920, Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza jinsi kuku wanavyodonoana kwa mpangilio: huyu anamdonoa yule, yule anamdonoa wa chini yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel, Mswisi, akachapisha uchunguzi wake wa mbwa mwitu wa kijivu waliofugwa katika bustani ya wanyama ya Basel. Aliona dume na jike wa juu wakilinda nafasi zao dhidi ya wenzao kila siku. David Mech, Mmarekani, aliyabeba mawazo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1970, na kutoka hapo jina la "alfa", yaani mkubwa anayelitawala kundi, likaenea kila mahali, hadi kwa watu ambao hawajawahi kumwona mbwa mwitu.

Tatizo lilikuwa ua walimofungiwa. Porini, kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao wa mwaka huu na wa miaka michache iliyopita. Kijana akikomaa huondoka kwenda kutafuta mwenza, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka mitatu. Ndani ya ua wamekusanywa wazima wasio ndugu, na hata anayeonewa hana pa kuondokea, kwa hiyo ugomvi ambao porini ungeishia kwa mtu kushika njia yake unabaki pale pale na kuwa maisha ya kila siku. Mech mwenyewe alikuja kuliona hilo. Kuanzia 1986 alikwenda kiangazi baada ya kiangazi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, akikaa karibu na kundi lililomzoea. Mwaka 1999 akaandika kwamba kumwita baba wa familia "alfa" hakuongezi maana yoyote kuliko kumwita mzazi. Aliomba hata kitabu chake cha zamani kisichapishwe tena, na mwaka 2022 kikakoma kuchapishwa. Namheshimu sana kwa hilo. Si kila msomi huwa tayari kuvunja nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Wakufunzi walikuwa wamekwisha kulichukua wazo hilo zamani. Ile mbinu ya kumpindua mbwa chali ilienezwa na watawa wa New Skete, jimbo la New York, wanaofuga na kufunza German Shepherd, katika kitabu chao cha mwaka 1978. Waliifuta wenyewe katika toleo la 2002, lakini haikufutika mitaani. Na ilikuwa na kosa tangu mwanzo. Mbwa mwitu mdogo anapolala chali mbele ya mkubwa, hulala mwenyewe, kwa hiari yake. Hakuna anayembwaga. Mbwa anayebwagwa kwa nguvu na kukandamizwa koo hana sababu ya kuelewa kwamba anafundishwa adabu. Anachokielewa ni kwamba anashambuliwa.

Hadi hapa wengi wa upande wangu hufunga mjadala: mbwa mwitu hawana alfa, mbwa si mbwa mwitu, basi ubabe haupo. Hapo ndipo ninapowaacha.

Watafiti wa Italia walifuatilia kundi la mbwa wasio na mwenyewe pembezoni mwa Roma, na mwaka 2010 wakaonyesha kwamba mpangilio wa ukubwa ulikuwepo na uliweza kusomeka. Wakubwa kwa umri walikuwa juu ya wadogo, na ishara za kunyenyekea, kama kufyata mkia na kulaza masikio, zilikwenda upande mmoja bila kugeuka. Uholanzi, Matthijs Schilder na wenzake nao waliandika mwaka 2014 kutetea kwamba ubabe ni dhana yenye kazi yake katika kuwaelewa mbwa. Ajabu zaidi ni matokeo ya Austria, katika kituo cha Ernstbrunn ambako mbwa na mbwa mwitu wanalelewa kwa mikono ya watu kwa namna moja. Friederike Range na Zsófia Virányi waliwawekea wawili wawili chakula kimoja. Mbwa mwitu wa chini alisogea, akabishana, mara nyingi akala pamoja na mkubwa wake. Mbwa wa chini alijitenga, akakaa mbali. Kumbe aliyefugwa kwa maelfu ya miaka ndiye anayeheshimu ngazi kwa ukali zaidi anapokuwa na mwenzake. Anayesema "mbwa si mbwa mwitu" ili kuufuta ubabe hana budi kuyajibu matokeo hayo.

Lakini tazama wanachopimana nacho. Ni mbwa kwa mbwa, na kati yao kuna mfupa. Kwa wanaochunguza tabia za wanyama, ubabe ni jina la uhusiano wa wawili juu ya kitu fulani, nani humwachia nani. Si tabia ya kuzaliwa nayo, na mnyama hawezi kuitwa "mbabe" peke yake, kama vile mtu hawezi kuitwa "mrefu kuliko" bila kumtaja wa pili. John Bradshaw na wenzake wa Bristol walilisisitiza hilo mwaka 2009, wakaongeza kwamba mengi tunayoyaita ubabe hueleweka vizuri zaidi kwa kutazama mbwa ana haja gani na kitu kile na amejifunza nini huko nyuma. Anayekatalia mfupa anaweza kumwachia mwenzake kochi bila kinyongo.

Chukua makosa yanayosingiziwa ubabe nyumbani. Mbwa anavuta kamba kwa sababu mwendo wake ni wa kasi kuliko wetu, harufu iko mbele, na kila alipovuta alifika. Anatangulia mlangoni kwa kuwa nje kuna mambo. Linalonishangaza kuliko yote ni lile la kurukia watu. Watoto wa mbwa mwitu humrukia mzazi anayerudi kutoka mawindoni, wakimlamba pembe za mdomo ili awatapikie chakula. Mbwa anayetaka kufika usoni pako unaporudi kazini anasalimia kama mtoto anavyomsalimia mzazi, na kuna vitabu vinavyokufundisha umpige goti la kifua kwa kosa la kutaka ukubwa.

Kwenye bakuli la chakula jambo ni zito zaidi, na hapo inafaa mtu achuchumae pembeni atazame kwa makini. Mtu anakaribia. Mbwa anaanza kula haraka. Hatua moja zaidi, anaganda: kichwa kiko chini, mdomo bado ndani ya bakuli, ila taya zimesimama. Jicho linageuka bila kichwa kugeuka, weupe wake unaonekana kama mwezi mwembamba. Kisha mdomo wa juu unapanda kidogo, ndipo mngurumo unatoka. Katika sekunde nne amekwisha kusema mara tatu, "Usinisogelee," na mara zote tatu kwa njia ya kuepuka ugomvi. Ukimwadhibu kwa mngurumo, hofu ya kunyang'anywa inabaki ilivyokuwa, tena imepata sababu mpya. Kilichoondoka ni onyo. Ukipita mbali kidogo na kumtupia bakulini kipande kitamu kuliko alichonacho, siku baada ya siku, ukisogea taratibu, mtu anayekaribia anageuka kuwa habari njema. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Kupindua huchukua dakika moja, na nadhani ndiyo maana kunapendwa.

Ushahidi wa madhara upo. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwahoji wenye mbwa 140 waliopeleka matatizo ya tabia kliniki. Kati ya waliowahi kumpiga au kumpiga teke mbwa kwa kosa, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kwa waliompindua chali, asilimia 31. Kwa waliomkazia macho tu, asilimia 30. Hao, kwa haki, walikuwa mbwa wenye shida tayari. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walipima mate ya mbwa 92 kutoka shule saba za mafunzo za Porto. Waliofunzwa kwa kuvutwa kamba kwa ghafla na makaripio walikuwa na kotisoli, homoni ya msongo, nyingi zaidi baada ya mafunzo, na walipokutanishwa baadaye na bakuli lisilojulikana kama lina kitu, wa shule kali zaidi walilisogelea polepole, kana kwamba hawatarajii jema. Wenye mbwa walichagua shule wenyewe, hiyo ni kasoro ya utafiti, lakini picha inalingana na nyingine.

Sasa niwape haki yao wanaoniambia, "Mbona mbinu za ubabe zimemnyoosha mbwa wangu?" Naamini wanachosema. Mtu anayeambiwa awe kiongozi hubadilika yeye kwanza. Anaacha kumruhusu mbwa kochini leo na kumfokea kesho. Anamtembeza kila siku. Anasema neno moja kwa jambo moja. Kwa mbwa aliyekuwa akiishi katika nyumba ambayo sheria hubadilika kwa kufuata hali ya mwenye nyumba, utaratibu huo ni nafuu kubwa. Mipaka anaihitaji, na wapo wapole wa siku hizi wanaoogopa hata kusema "hapana". Samaki mkunje angali mbichi, nami siupingi msemo huo.

Tena adhabu wakati mwingine hufanya kazi. Mwaka 2024 Anamarie Johnson na Clive Wynne wa Arizona waliwajaribu mbwa 19 wanaopenda kukimbiza. Waliovishwa kola ya umeme waliacha kukifukuza chambo baada ya vipindi vichache. Waliofunzwa kwa chakula pekee katika muda huohuo hawakuacha. Wapinzani walilalamika kwamba mafunzo ya chakula hayakupewa hatua zake za kawaida, na kilio cha mbwa kwenye mishtuko ya kwanza hakiwezi kupuuzwa. Wales ilipiga marufuku kola hizo tangu 2010. Hata hivyo jaribio hilo halisemi lolote kuhusu cheo. Mbwa aliacha kukimbia kwa sababu kuliuma. Kama mtu anaona maumivu yanastahili ili mbwa asiue kondoo au asigongwe na gari, na atetee hivyo waziwazi, tujadili kipimo chake. Kuyaita maumivu "lugha ya kundi" ni kujiondolea mzigo wa kujibu.

Hilo ndilo linaloniuma katika neno hili. Likitamkwa, uchunguzi unakoma. Hakuna anayeuliza kama jino linauma, kama nyonga imechakaa, kama mtoto mdogo alimvuta mkia jana. Mkufunzi wangu hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na jibu tayari, hakuona sababu ya kuinua sikio.

Sikio lilipona kwa wiki tatu. Shingo ilichukua muda mrefu zaidi. Nilianza kwa kuuweka mkanda sakafuni na kipande cha nyama kando yake, kisha kuushika mkononi, kisha kumgusa nao begani, na kila alipogeuza kichwa nilisimama. Mwezi wa tano wa kazi hiyo, jioni moja, nilikuwa na haraka nikaupeleka mkono moja kwa moja. Alinguruma, chini chini, kwa mara ya kwanza tangu nilipomnyamazisha. Nikauondoa mkono, nikakaa sakafuni karibu naye, nikamshukuru kwa sauti.