Mto Nairobi hautasafishwa kwa koleo

Kila ahadi ya kuusafisha Mto Nairobi huanzia palepale: vijana wenye koleo wakitoa plastiki ukingoni. Kazi hiyo ina heshima yake. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, alionyesha kwamba kipande cha mto katikati ya jiji kinaweza kuokolewa. Ila plastiki ni dalili. Ugonjwa ni majitaka: uko chini ya ardhi, nao ulikuja na reli.

Reli ya Uganda ilipofika hapa Mei 1899, wahandisi walitaka maji, na uwanja tambarare wa kuwekea karakana na bohari kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Kambi ikawekwa kinamasini. Mwaka 1902 tauni ikazuka katika soko la Wahindi, na dawa ikawa kulichoma moto.

Angalia udongo. Magharibi na kaskazini kuna matuta ya udongo mwekundu unaopitisha maji, na huko ndiko Wazungu walikojenga. Reli, viwanda na nyumba za vibarua zikaachiwa tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha huo huvimba. Jua likiwaka hupasuka nyufa za kutia mkono. Bomba likilazwa juu yake, viungo huachia. Fundi anayeijua kazi huuchimba wote mpaka akute moramu (udongo mgumu wa kokoto) au mwamba, hutandika changarawe, hulaza bomba, kisha hufukia kwa moramu, si kwa udongo uleule. Choo cha shimo nacho hakinywi maji hapo: hujaa upesi, na masika hutapika mtaroni.

Halafu kuna mteremko. Jiji limeinamia mashariki, kwa hiyo mabomba makuu ya majitaka yalifuata mabonde ya mito ili maji yateremke yenyewe hadi mabwawa ya kusafishia majitaka ya Ruai. Uhandisi mzuri, lakini chemba, yaani shimo la kukagulia bomba, ikizibwa na matambara, mafuta ya jikoni au mchanga, kinachofurika kiko hatua chache tu kutoka mtoni. Na wenye nyumba wakiunganisha maji ya paa na bomba la majitaka, masika chemba hufurika hata bila kuziba.

Kwa hiyo kubomoa vibanda vya ukingoni mwa mto huku mtaa wa nyuma yake hauna bomba ni kuhamisha choo tu, na wanaoumia ni wale wale wa siku zote. Pesa zianzie vichochoroni mwa mitaa ya mabanda, Mukuru na kwingineko, ambako gari halipiti na bomba halihitaji kina kirefu. Bomba la milimita 100, likishuka nusu mita kwa kila mita 100, linatosha kuhudumia safu ya nyumba. Kila ploti iwe na kisanduku cha kunasa mchanga na mafuta, na mtu anayelipwa kukizoa kila wiki. Kisanduku kikisahauliwa, bomba jembamba ndilo la kwanza kuziba.