Flash ilistahili kuzimwa, lakini si katika skuli zisizo na intaneti

Kila inapotajwa habari ya kuzimwa Flash Player, programu ya kompyuta ya kuonyesha picha zinazotembea, hakosekani mtu wa kusema kwamba walioathirika walijitakia. Adobe, kampuni yenye programu hiyo, ilitangaza Julai 2017 kwamba itaiacha mkono tarehe 31 Disemba 2020. Miaka mitatu na nusu yote hiyo, nani angeshindwa kujipanga? Hoja hii nimeisikia Unguja kwa mafundi wa kompyuta ninaowaheshimu, na aghlabu wanaolengwa ni walimu wa sayansi wenye CD za masomo ambazo sasa hazifunguki. Ukweli umo ndani yake, ila lawama inamwangukia asiyestahili.

Flash ilikuwa programu-jalizi, yaani programu ya pembeni inayopachikwa kwenye kivinjari ili kionyeshe video, michezo na picha zinazotembea, na kwa usalama ilikuwa balaa. Julai 2015 zilipovuja nyaraka za Hacking Team, kampuni ya Italia iliyouzia serikali zana za upelelezi wa kompyuta, yalifichuka matundu ya Flash ambayo Adobe yenyewe haikuyajua, na Firefox ikaizuia mpaka yazibwe. Isitoshe, kwenye iPhone haikuingia abadan, na mwaka 2011 Adobe iliacha kuiendeleza kwa vivinjari vya simu. Hapa kwetu wengi huingia intaneti kwa simu, kwa hiyo mtoto asiye na kifaa kingine ila simu ya mzazi wake alikuwa ameshafungiwa masomo ya Flash miaka mingi kabla ya 2020. HTML5, lugha ya kutengenezea kurasa za intaneti iliyoidhinishwa mwaka 2014, inafanya kazi ileile bila ya kupachika kitu. Chrome na Firefox zilipoing'oa Flash kabisa Januari 2021, zilimtendea haki mtumiaji wa intaneti.

Lakini mwalimu wa Micheweni au Mkoani, kule Pemba, si lazima awe mtumiaji wa intaneti. Maabara za kompyuta za skuli nyingi zina mashine kuukuu zilizotolewa msaada, na masomo yanaingia kwa CD au kwa kunakiliwa kutoka mashine hadi mashine. Sekondari yetu inafundisha sayansi kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayehangaika na lugha hiyo anaweza kusoma aya nzima ya mzunguko wa damu asitoke na kitu. Akiiona vali ya moyo ikifunguka na kufunga, damu ikipita upande mmoja bila ya kurudi, ameshaelewa kabla mwalimu hajamaliza kutafsiri. Hiyo ndiyo thamani ya zile CD, na anayeziita taka za zamani hajasimama mbele ya darasa lenye kitabu kimoja kwa wanafunzi kadhaa.

Linaloniuma zaidi ni lile kufuli la tarehe. Matoleo ya mwisho ya Flash Player, yaliyotoka tangu katikati ya 2020, yalitiwa amri ndani yake: ikifika 12 Januari 2021, yasionyeshe kitu. Programu haikuangalia kama kompyuta ina intaneti, wala kama faili limetoka kwa mhalifu au kwenye CD ya Baiolojia. Iliangalia saa ya kompyuta tu, ndiyo maana waliorudisha saa nyuma waliona masomo yakifunguka tena. Matokeo yake ni kwamba fundi aliyefuata nasaha na kuweka toleo jipya ndiye aliyewafungia wanafunzi, na maabara iliyobaki na toleo la zamani ikaendelea kusomesha. Nimeambiwa kwamba hata mashine isiyo na intaneti hupata virusi kupitia diski za USB. Ni kweli, lakini virusi hivyo havihitaji Flash ili viingie, na kuizima hakukuviondoa. Hatari iliyohalalisha uamuzi mzima ilikuwa ya mtandaoni. Mashine isiyofika huko ilitozwa faini ya kosa lisilo lake.

Na ile miaka mitatu na nusu ilimfaa nani? Ilimfaa mwenye faili la asili, lile la fla, ambalo mtengenezaji hulifanyia kazi. Kwenye CD kuna swf, ambalo ni mkate ulioshaokwa: unaliwa, lakini haukandwi upya. Mwalimu hata angelisoma tangazo siku ileile lilipotoka, hakuwa na cha kubadilisha, na wachapishaji wengine wa masomo hayo walishafunga milango zamani. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kiliweza kuyatengeneza upya kwa HTML5 mengi ya majaribio yake ya sayansi ya PhET, kwa sababu waandishi wake wapo na fedha ipo. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, dola nzima, ilifika Januari 2021 ikiwa bado ina fomu za Flash, ikalazimika kutoa kivinjari chake yenyewe ili walipa kodi wazijaze. Ikiwa mamlaka hiyo, pamoja na wahandisi wake, ilikutwa na tarehe, sioni uzembe wa mwalimu wa Pemba uko wapi.

Mwaka 2017 wapo walioiomba Adobe iachie msimbo wa Flash ili jamii iutunze. Haikuuachia. Kazi hiyo imebebwa na watu wa kujitolea wanaotengeneza Ruffle, programu huria inayofungua mafaili ya swf bila ya Flash Player na bila ya intaneti, tena ndogo ya kubebeka kwenye diski ya USB. Masomo ya miaka ya mwanzo ya 2000 mengi yanafunguka vizuri. Yaliyoandikwa kwa ActionScript 3, lugha ya kuandikia programu za Flash iliyotoka 2006, mengine hukwama, hivyo hapana budi kujaribu moja moja. Wanafunzi wa kompyuta wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanaiweza kazi hiyo, na inafaa waanze kwa kunakili CD zenyewe, maana joto na unyevu wa pwani havizihurumii.