Wapunguze kasi ya mpira, lakini wasitusingizie sisi wa ridhaa

Tangu Desemba 2023 wapenzi wa gofu wamegawanyika kwa sababu ya kitu chenye kipenyo cha milimita 42.67. Mwezi huo USGA na R&A, vyombo viwili vinavyotunga sheria za mchezo huu duniani, vilitangaza kwamba mpira utapimwa kwa namna mpya. Umbali unaoruhusiwa kwenye kipimo haukuguswa: ni yadi 317, na nyongeza ya yadi 3 kufidia kasoro ndogondogo za upimaji. Kilichobadilishwa hasa ni kasi ya mashine. Roboti iliyokuwa ikizungusha draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, kwa maili 120 kwa saa sasa itazungusha kwa maili 125. Mpira uliokuwa ukifika ukingoni mwa kikomo kwa kasi ya zamani utakivuka kwa kasi mpya, na ukikivuka hauruhusiwi tena. Ratiba iliyotolewa siku ile iliwataka wachezaji wa ngazi ya juu waanze Januari 2028, sisi wengine tufuate Januari 2030.

Hasara yenyewe ni ya nani? Kwa makadirio ya vyombo hivyo, wapigaji wa mbali kabisa watapoteza yadi 13 hadi 15. Wanaume wa kulipwa wa kawaida watapoteza yadi 9 hadi 11, wanawake wa kulipwa wa LPGA 5 hadi 7. Mchezaji wa ridhaa atapoteza yadi 5 au pungufu.

Yadi tano! Mtu ambaye mpira wake mmoja unakwenda yadi 230 na unaofuata unaishia chini ya mti yadi 160 kutoka alipoupigia hawezi hata kujua kama yadi tano zimeondoka. Lakini sikiliza mabishano, utadhani sisi ndio tunaoporwa. Kampuni za vifaa zinasema zinatutetea. Watunga sheria nao wanasema wanatulindia viwanja vyetu. Mimi nacheza kwa raha zangu, handikepu yangu, yaani alama ya uwezo wangu, haitishi mtu, na msimamo wangu ni huu: mpira wa wakubwa upunguzwe, na upunguzwe haraka. Ila wanaobishana watafute hoja zao wenyewe, wasijifiche nyuma yetu.

Tuanze na hoja ya wanaotaka upunguzwe, maana ina uzito. Mwaka 1980 wastani wa draiva kwenye PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya kulipwa Marekani, ulikuwa kama yadi 257. Sasa unacheza kwenye yadi 300, na Rory McIlroy aliongoza mwaka 2023 kwa wastani wa zaidi ya yadi 326. Mazoezi ya viungo yamechangia, hilo halina ubishi. Lakini vifaa pia vilibadilika kwa mkupuo. Vichwa vya mbao viliondoka, vikaja vya titani vyenye ukubwa wa hadi sentimita za ujazo 460. Kisha Oktoba 2000 kampuni ya Titleist wakauleta mpira wa Pro V1 kwenye mashindano ya Las Vegas, na wachezaji 47 wakaubadilishia wiki hiyo hiyo. Kabla yake, mchezaji wa kulipwa kwa kawaida alitumia mpira uliofungwa nyuzi za raba ndani. Ulitii vizuri karibu na griini, yaani nyasi fupi zenye shimo, lakini ukipigwa kwa draiva ulizunguka mno na kupaa juu. Mpira mpya wenye kiini kigumu uliondoa mzunguko huo kwenye draiva bila kuuondoa kwenye weji, fimbo ya mipigo mifupi ya juu. Mchezaji akapata vyote viwili, umbali na utiifu, wakati zamani alilazimika kuchagua kimoja.

Matokeo yake yanaonekana Augusta, uwanja wa Marekani unaoandaa mashindano ya Masters. Tiger Woods aliposhinda Masters ya 1997 uwanja ulikuwa na yadi 6,925. Leo una zaidi ya 7,500. Shimo la 13 ndilo la kutazama kwa karibu. Linapinda kushoto, kijito kinakatiza mbele ya griini, na liliwekwa pale ili kumjaribu mtu: mpigo wa pili utavuka maji kwa fimbo ndefu, au utajizuia ubaki ng'ambo ya huku? Mwaka 2014 Bubba Watson alipitisha mpira juu ya pembe ya miti, yadi 366, akabakiwa na yadi kama 140. Akatoa weji. Jaribu lote likayeyuka hivyo, na jioni akavaa koti la kijani la mshindi. Mwaka 2023 wenye uwanja wakairudisha tii, mahali pa kuanzia shimo, nyuma yadi 35, likawa la yadi 545. Augusta wana fedha za kununua ardhi ya jirani. Viwanja vingine vingi havina, na kila yadi inayoongezwa inataka maji, mbolea, mashine ya kukata nyasi, na dakika za kutembea kutoka griini moja hadi tii inayofuata. Kwa hoja hii sina la kujibu. Bingwa wa zamani Jack Nicklaus ameisema kwa miongo mingi, na wala hakuwa mpigaji mfupi.

Sasa upande wa pili. Hoja yao bora siyo ile ya kwamba watu wanalipa kuona mpira ukienda mbali. Hiyo ni ya matangazo ya biashara. Hoja yao bora ni viwanja viwili. Uwanja wa Merion mwaka 2013 uliandaa US Open, ubingwa wa wazi wa Marekani, ukiwa na yadi zisizofika 7,000, ufupi wa kutia huruma kwa siku hizi, na Justin Rose alishinda akiwa mpigo mmoja juu ya kiwango cha uwanja, yaani idadi ya mipigo iliyopangwa kuumaliza. Hakuna aliyemaliza chini ya kiwango hicho. Miaka minne baadaye mashindano hayo hayo yalikwenda Erin Hills, uwanja wa yadi zaidi ya 7,700, na Brooks Koepka akamaliza mipigo 16 chini. Urefu haukumzuia mtu. Kilichowazuia Merion ni feawei (njia ya nyasi fupi kuelekea griini) nyembamba, nyasi ndefu pembeni na griini zenye miteremko ya kuudhi. Kwa nini basi, wanauliza, tuguse mpira wakati tungeweza kuziacha nyasi zikue?

Swali zuri, nami nalikubali nusu. Nusu nyingine inawageukia wenyewe: kama urefu haulindi uwanja, basi fedha zote zilizotumika kurefusha viwanja zilipotea bure, na sababu ya kurefusha ilikuwa mpira. Na dawa ya nyasi ndefu ina madhara yake. Kila mtu akipigia kwenye kichaka, gofu inageuka kuwa mchezo wa kuchomoa mpira nyasini kwa weji, na wenye misuli ndio wanaochomoa vizuri zaidi. Kwa hiyo aliyekusudiwa kuadhibiwa ndiye anayefaidika. Bryson DeChambeau alithibitisha hilo kwenye uwanja wa Winged Foot mwaka 2020: alikosa feawei nyingi na bado alishinda US Open kwa tofauti ya mipigo sita.

Wana hoja nyingine inayonisumbua zaidi. Maili moja ya ziada ya kasi ya fimbo huleta takriban yadi mbili na nusu. Kijana anayejenga mwili akiongeza maili tano au sita kwa saa atakuwa amezirudisha zile yadi 13 hadi 15, na vijana wanaongeza kweli. Maana yake sheria ya leo inanunua muda tu. Ndiyo, inanunua muda. Lakini kutofanya kitu nako kuna bei yake, na bei hiyo hailipwi na wachezaji wa PGA Tour.

Hapa ndipo sisi wa ridhaa tunapaswa kuulizana kwa uaminifu umbali una maana gani kwetu, maana tumeuziwa habari nyingi. Kila mwaka draiva mpya inakuja na ahadi ya yadi za ziada. Kipimo cha jinsi uso wa draiva unavyousukuma mpira kama springi kina kikomo kwenye sheria tangu mwanzoni mwa karne hii, na kampuni kubwa zilikifikia zamani. Hakuna springi mpya ya kuongeza. Kilichoendelea kuboreka ni msamaha: ukigonga mpira karibu na ncha ya fimbo badala ya katikati, kichwa cha leo hakipindi sana mkononi, na mpira unabaki uwanjani ingawa hukustahili. Hicho ni kitu cha thamani kwangu kuliko yadi kumi. Lakini ukiwa na draiva ya miaka michache iliyopita iliyopimwa vizuri kwa ajili yako, mpya itakupa kidogo sana zaidi ya harufu ya plastiki ya kifuniko.

Vyuma, fimbo za masafa ya kati, ndivyo vyenye ujanja zaidi. Chukua chuma namba 7 cha miaka ya 1980 na cha leo cha wachezaji wa kawaida, uviweke chini kimoja kando ya kingine. Cha zamani uso wake umelala kwa nyuzi 35 hivi, cha leo ni 30 au chini ya hapo, na mpini wake ni mrefu kidogo. Namba iliyochorwa chini ni ile ile 7, fimbo yenyewe ni karibu na namba 5 ya mzee wako. Mtu anatoka dukani akitamba kwamba namba 7 yake imeongezeka yadi 15! Kwa haki nitaongeza kwamba si ulaghai mtupu. Kichwa cha kisasa kina uzito chini zaidi, kinaupandisha mpira juu hata uso ukiwa umesimama, vinginevyo mpira ungechapuka chinichini na kupita griini. Lakini sasa kuna pengo kubwa kati ya fimbo ya mwisho na weji ya kwanza, na utauziwa weji ya ziada kuliziba.

Kwenye kucheza kwenyewe, umbali una maana, na wanaosema gofu ni kupata tu mpira shimoni wanakosea. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyechambua mipigo mingi kwa takwimu, alionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti ya alama kati ya wachezaji wazuri na wa kawaida inatoka kwenye mipigo ya zaidi ya yadi 100 kutoka shimoni. Hata wale tunaowatazama runingani hupata nusu tu ya mipigo ya griini ya futi nane. Basi mtu mwenye draiva fupi ana kesi: akipunguziwa yadi anapunguziwa kitu halisi. Ila tiba yake iko uwanjani tayari, ni kusogea kwenye tii ya mbele. Shimo la yadi 440 la mipigo minne humlazimisha mwenye draiva ya 220 kutumia fimbo ndefu mara mbili na bado asifike vizuri. Mchezaji wa kulipwa analimaliza kwa draiva na weji. Yule wa 220 akisogea mbele yadi 60 anaanza kucheza shimo lile ambalo msanifu alilichora. Wengi wetu hatusogei kwa sababu ya kiburi tu, kisha tunamlaumu USGA.

Inabaki hoja ya sheria moja kwa wote, na hapa ndipo nawapinga watunga sheria wenyewe. Machi 2023 walipendekeza mpira mfupi kwa mashindano ya ngazi ya juu pekee. PGA Tour na kampuni za vifaa wakaja juu wakidai kwamba uzuri wa gofu ni kwamba sote tunacheza mchezo mmoja. Pendekezo likaondolewa, likaja hili la kutugusa sote. Huo umoja uliwahi kuwapo lini? Kwa miongo mingi kulikuwa na mipira miwili halali: mdogo wa inchi 1.62 uliotumika Uingereza, na mkubwa wa inchi 1.68 wa Marekani. The Open, ubingwa wa wazi wa Uingereza, ililazimisha mkubwa mwaka 1974, na mdogo haukupigwa marufuku kabisa hadi 1990. Mwaka 2010 wa kulipwa walikatazwa mifereji mikali ya kuzungusha mpira kwenye vyuma vyao, wakati sisi tuliachiwa kuendelea na vyuma vyetu vya zamani. Tangu 2022 mashindano yanaweza kuweka kikomo cha inchi 46 kwa urefu wa draiva, lakini kwenye raundi ya kawaida ya rafiki na rafiki inchi 48 ni halali. Na wa kulipwa hulazimika kutumia aina moja ya mpira kwa raundi nzima, ilhali mimi nabadilisha nikiokota mzuri zaidi majanini.

Wanaopinga sheria mbili wana jibu moja linalostahili heshima: mstari utachorwa wapi? Maelfu ya watu hujiandikisha kila mwaka kufuzu US Open, wakiwamo wa ridhaa. Kijana wa chuo afanye mazoezi na mpira gani? Kero hiyo ni ya kweli, lakini inawahusu wachache ambao tayari wamezoea kusoma masharti ya kila shindano kabla ya kulipa kiingilio. Fomu iseme mpira upi unatumika, kama ambavyo tayari inasema kuhusu sheria ya mpira mmoja kwa raundi na urefu wa draiva. Anayetaka kucheza na wakubwa ataununua mpira wao na kuuzoea. Sisi wengine tuachiwe tulionao, na kampuni zikitaka kuutetea zije na hoja za biashara yao, zisituweke mbele.