Ziwa lilipopumzika, mdogo wangu naye akapumzika

Mwaka 2024 mimi na mdogo wangu tulibeba mimba karibu kwa pamoja, mimi nikiwa Leicester, Uingereza, yeye Kigoma, Tanzania. Mimi ni msusi, nimekodi kiti saluni. Yeye hununua dagaa wabichi alfajiri pale mwalo wa Kibirizi, anaanika, anauza kwa gunia. Hakuna kati yetu mwenye mwajiri.

Alijifungua mwanzoni mwa Julai. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa hiyo hakukuwa na dagaa wa kukimbilia. Mama alimkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, arobaini ikatimia yuko ndani. Uzazi wake wa kwanza hakuipata arobaini hiyo. Wiki ya tatu tu alikuwa kwenye chanja, kichanga kimelazwa chini ya mwavuli. Safari hii alipumzika kwa kuwa samaki walipewa mapumziko, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Tena ziwa lilipofunguliwa alikuwa amekwisha kula mtaji wote.

Mimi nilijifungua Septemba. Uingereza ina posho ya uzazi kwa wanawake wasiopata malipo ya mwajiri, tuliojiajiri tukiwemo. Nilianza kwa kulipwa paundi 184.03 kwa wiki, malipo yakaendelea wiki 39, na ndani ya muda huo niliruhusiwa kusuka hadi siku 10 bila kupoteza posho. (Dada zangu mlioko huku na viza inayokataza misaada ya serikali, msiogope kuomba: posho hii haimo katika katazo hilo, inatokana na michango yenu ya bima ya taifa.) Baba wa mtoto aliyejiajiri hapewi chochote, na hilo ni kosa. Mtoto wangu nilimwogesha peke yangu, mama akinielekeza kwa simu ya video.

Kinachonifanya niandike ni sharti la kupata posho hiyo. Huku wanatazama wiki 66 kabla ya wiki unayotarajiwa kujifungua. Uwe umejiajiri angalau wiki 26 kati ya hizo, na ukiwa na michango ya wiki 13 unapata kiwango kamili. Si lazima wiki zifuatane. Aliyetunga sharti hili alijua kuwa mtu wa kujiajiri ana wiki za neema na wiki za ukame.

Kwetu, sheria ya kazi ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 zenye malipo, 100 akizaa mapacha. Mchuuzi hayumo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inawapokea waliojiajiri, lakini fao la uzazi linataka michango ya angalau miezi 36. Miezi 36! Huo ni mwendo wa mtu wa mshahara. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapaki na pesa inakatika. Mwanamke wa Kibirizi hana mwezi mmoja unaofanana na mwingine.

Najua mtu atanijibu kuwa halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake bila riba. Ni msaada mzuri, lakini ni deni. Rejesho haliulizi kama umejifungua juzi, na ukikwama wenzako wa kikundi ndio wanaobanwa.

Nataka sharti la uzazi kwa waliojiajiri lipunguzwe, na mchango ukusanywe pale pesa inapopita, kidogo kidogo kwa kila gunia, si kwa tarehe ya mwisho wa mwezi. Nilimuuliza mdogo wangu kama wenzake wangekubali. Akanijibu kwa sauti, mtoto analia nyuma yake: "Dada, ushuru wa gunia tunalipa kila siku. Wakiongeza hapo mia mbili ya uzazi, na tukaiona inarudi, nani atakataa?"