Mshenga haitwi baada ya ndoa

Kuna picha imenichosha. Wakulima wamesimama pembeni ya vitalu vya ngano, kila mmoja na karatasi yake, na mtafiti wa mbegu anawaeleza sifa za aina mpya sita au saba zilizokwisha kukamilika. Wanapiga kura, wanapewa chakula cha mchana, wanarudi makwao. Ripoti inaandikwa: wakulima wameshirikishwa. Huko ni kumwita mshenga baada ya ndoa kufungwa.

Ngano hujichavusha yenyewe, kwa hiyo kuchanganya aina mbili ni kazi ya mkono. Mtu hukaa na kibanio kidogo, akafungua kila ua kwenye suke na kung'oa vifuko vitatu vya chavua kabla havijapasuka. Kisha hulivika suke kifuko cha karatasi, na siku chache baadaye huleta chavua ya aina nyingine. Kizazi cha kwanza hufanana. Cha pili hutawanyika: warefu, wafupi, wa kuwahi, wa kuchelewa. Kuanzia hapo ni kuchuja mwaka hadi mwaka, mpaka kufikia kizazi cha sita au cha saba mimea inakuwa imetulia.

Maana yake mchujo mkubwa hufanyika mapema, wakati mkulima bado hajaitwa. Na hufanyika wapi? Mara nyingi kwenye shamba lenye mbolea ya chumvichumvi, dawa ya magugu na mbegu zilizopakwa dawa ya ukungu. Mmea ambao ungemfaa mtu wa kilimo hai, yaani asiyetumia mbolea na dawa hizo za viwandani, unaweza kutupwa hapo hapo, kwa sababu sifa yake haikupata nafasi ya kuonekana.

Chukua urefu wa bua. Ngano fupi zilienea duniani baada ya mtafiti wa Kimarekani Norman Borlaug kutumia, kule Mexico, vinasaba vya ufupi vilivyotoka kwenye ngano ya Kijapani iitwayo Norin 10. Alikuwa na sababu nzuri: ngano ndefu ikilishwa naitrojeni nyingi hulala chini. Lakini mwenye kutegemea samadi na mikunde hapati naitrojeni ya kumwagika kwa mkupuo. Udongo humpa kidogo kidogo. Kwake ufupi hauna faida ile ile, na hasara anaiona kwa macho, kwa sababu magugu yanapata jua. Tena vinasaba hivyo hufupisha ala inayolinda chipukizi likipenya udongo, kwa hiyo mbegu haipendi kuzikwa sana. Mkulima anayepitisha haro, chombo chenye meno ya kukwaruza udongo, juu ya shamba kabla ngano haijaota, ili aue magugu machanga, anataka hasa mbegu iliyokwenda chini kidogo.

Au chukua ule ukungu wa Tilletia, unaojaza punje unga mweusi wenye harufu ya samaki aliyeoza. Hubebwa na mbegu. Penye dawa ya kupaka, mtafiti anaweza kupita miaka bila kuuwazia. Anayejiwekea mbegu bila dawa hana anasa hiyo.

Si maneno matupu. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la Washington, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha ngano zile zile 35 kwenye mashamba ya kilimo hai na ya kawaida. Katika maeneo manne kati ya matano, zilizoongoza upande mmoja hazikuwa zilizoongoza upande wa pili, na kuchagua ndani ya kilimo hai chenyewe kulileta mavuno yaliyozidi kwa asilimia 5 hadi 31 yale ya kuchagua kwenye mashamba ya kawaida.

Kwa hiyo napenda njia ya chuo kikuu cha Manitoba, Kanada: mkulima anapewa mbegu ambayo bado haijatulia, anaipanda kwake, anachagua masuke kwa misimu kadhaa. Hapo ndipo jicho lake linapofanya kazi. Anainamisha bua aone kama litarudi, anasugua suke viganjani, anapuliza makapi, anatafuna punje. Nusu ya anachokijua hawezi kukuandikia kwenye fomu, na wala hana haja.

Sisemi mkulima hakosei. Wengi wetu tukiingia shambani tunavutwa na suke kubwa, na suke kubwa si lazima liwe na mavuno makubwa kwa eneo. Ubora wa unga wa kuoka mkate, na kinga dhidi ya ugonjwa wa kutu usioonekana msimu huu, vinahitaji maabara. Mtafiti abaki, ila afike akiwa mwenzi wa mkulima.

Kinachonisumbua zaidi ni karatasi. Sheria nyingi za mbegu hudai aina iwe moja, inayofanana na isiyobadilika, ilhali kazi ya namna hii mara nyingi huzaa mchanganyiko ulio hai. Uingereza, mtafiti Martin Wolfe alichanganya takriban aina 20 mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaachia shamba lifanye uchaguzi. Ngano hiyo, YQ, isingepita kipimo hicho kamwe. Umoja wa Ulaya umelegeza: tangu Januari 2022, kanuni ya 2018/848 inaruhusu mbegu mchanganyiko za kilimo hai ziuzwe kwa kutoa taarifa tu, bila kusajiliwa kama aina. Kwingine, mkulima aliyechagua masuke kwa miaka mitatu, kwa ardhi yake na muda wake ambao hakuna aliyeulipia, bado anaweza kukuta hana ruhusa ya kumuuzia jirani gunia moja la mbegu ile.